Tumbo Halina Cheo

Wahenga walisema vidole vya mkono havilingani. Methali hiyo tunaisikia mara nyingi akina mama tunapozungumza juu ya mishahara ya waume zetu na watoto wetu, na mara nyingi anayeitamka ni yule aliyejaliwa kidole kirefu. Mwezi huu tumeona vema tuzungumze, kwa upendo na bila kufichana, juu ya jambo linalogusa nyumba nyingi hapa Same mjini na huko juu milimani, Mbaga, Gonja, Vudee, Chome na Suji. Nalo ni tofauti ya mshahara kati ya afisa wa jeshi na askari wa kawaida.

Sisi tunaoandika haya ni wauguzi, na mwisho wa juma ni watumishi wa kujitolea kanisani. Hatuna nyota begani. Lakini katika kliniki ya watoto na katika vikundi vya akina mama tunakutana na wake wa wanajeshi na mama zao, na swali lao ni moja.

Swali linakuja hivi. Vijana wawili wa kijiji kimoja wamekwenda jeshini. Mmoja aliendelea na masomo ya juu, akachaguliwa kwenda chuo cha kijeshi Monduli, akatoka afisa. Mwenzake alimaliza kidato cha nne, akapitia Jeshi la Kujenga Taifa, akaingia jeshini akiwa askari wa ngazi ya chini kabisa. Wakija likizo wanashuka stendi moja, na kwa mbali sare zao zinafanana. Lakini mwisho wa mwezi mama wa yule wa kwanza anaezeka bati, na mama wa yule wa pili anapokea fedha ya sukari na mafuta ya taa. Ndipo mama huyu anapoanza kuwaza. Je, mwanangu ananificha? Au ni mkwe wangu anayezila zote?

Akina mama wapendwa, tumeona ndoa zikiyumba kwa sababu ya swali hilo. Kwa hiyo tulijibu kwanza, kisha tuendelee.

Ngazi mbili

Jeshini hakuna ngazi moja, kuna mbili. Ya kwanza ni ya askari. Kijana huanza kuruta, akaapishwa kuwa askari, kisha akapanda kuwa koplo, sajenti, sajinitaji, hadi afisa mteule. Ya pili ni ya maafisa wenye kamisheni, kuanzia luteni usu, luteni, kapteni, meja, luteni kanali, kanali, mpaka jenerali. Mshahara hufuata cheo na miaka ya utumishi. Wako askari wanaovuka kutoka ngazi ya kwanza kwenda ya pili baada ya kuchaguliwa na kusomeshwa, lakini si wengi. Tena tofauti hiyo haiishii siku ya kuvua sare. Mafao ya uzeeni hukokotolewa kutokana na mshahara, kwa hiyo aliyelipwa kidogo ujanani hustaafu na kidogo.

Je, tofauti hiyo ni dhuluma? Hatusemi hivyo. Afisa amesoma zaidi, na juu ya mabega yake kuna roho za watu. Akikosea hesabu, wanaopotea ni wengi. Sisi wauguzi jambo hili tunalijua. Katika wodi moja kuna muuguzi wa cheti, wa stashahada na wa shahada, na mishahara yao haifanani. Wengine wetu tuliacha watoto kwa bibi zao tukaenda kusomea stashahada, na hatungefurahi kuambiwa kwamba masomo yale hayana thamani. Lakini usiku wa zamu, wa cheti na wa stashahada humgeuza mgonjwa mmoja kitandani, huitwa na kengele moja, na asubuhi wote wawili wana njaa ileile. Cheo kimo kazini. Tumboni hakimo.

Iko tofauti nyingine ambayo akina mama wengi hawaijui. Sisi wauguzi, ingawa sheria inatubana tusigome ovyo kwa kuwa huduma ya afya ni ya lazima, tuna haki ya kuwa na chama cha wafanyakazi cha kutusemea. Askari hana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiwahusu wanajeshi, polisi, magereza wala JKT. Kijana wako hawezi kugoma wala kuandamana kudai nyongeza, na ni vema iwe hivyo, maana ameshika silaha. Basi nani amsemee? Ni afisa wake. Ndiyo sababu tunaamini kwamba sehemu ya mshahara mkubwa wa afisa ni malipo ya kuwasemea walio chini yake.

Waliopita chini ya milima yetu

Milima hii ya Upare iliwahi kushuhudia ngazi za jeshi zikipita kwa miguu. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts lilishuka kwa kuifuata reli na mto Pangani, likiwafukuza Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck. Mbele walikuwa maafisa wa Kizungu, kisha askari, na nyuma yao wapagazi, Waafrika waliobeba unga, risasi na mizigo ya maafisa kichwani. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam limetokana na kikosi cha wapagazi hao, ambacho Waingereza walikiita Carrier Corps.

Mpagazi ndiye aliyelipwa kidogo kuliko wote, ndiye aliyekula vibaya kuliko wote, na ndiye aliyefikiwa na dawa mwisho. Wapagazi waliokufa kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Kwa muuguzi habari hii ina maana yake. Mshahara si tarakimu za kwenye karatasi tu. Ukimpunguzia mtu mshahara, chakula na dawa kwa pamoja, upungufu huo utausoma mwilini mwake.

Shilingi 105

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Jeshi letu lilikuwa lilelile la King's African Rifles lililobadilishwa jina likaitwa Tanganyika Rifles. Miaka miwili baadaye maafisa wengi walikuwa bado Waingereza, na askari wa chini alikuwa akipokea shilingi 105 kwa mwezi.

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 20 Januari 1964, askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Waliwakamata maafisa wao na kudai mambo mawili: maafisa wawe Waafrika, na mshahara upande kutoka shilingi 105 hadi 260. Waziri Oscar Kambona alikwenda kuzungumza nao. Mjini Dar es Salaam maduka yalivunjwa na watu walipoteza maisha. Kesho yake kambi ya Tabora nayo ikafuata. Tarehe 23 ikawa zamu ya Jinja, Uganda, na tarehe 24 Lanet, Kenya. Tarehe 25 Januari, kwa ombi la serikali yetu, wanajeshi wa Uingereza walitua Dar es Salaam na kuwanyang'anya waasi silaha. Kwa Mwalimu Nyerere hilo lilikuwa jambo la aibu na uchungu, kuwaita waliotutawala waje kutulinda na askari wetu wenyewe. Jeshi lile lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Hatuandiki haya kuusifu uasi. Bunduki ikigeuzwa kuelekea mjini, wa kwanza kuumia ni mama na mtoto. Lakini tuyatazame madai yale mawili kwa jicho la mzazi. Kilichowauma vijana wale hakikuwa shilingi peke yake. Waliona kwamba mlango wa ngazi ya juu umefungwa kwa sababu ya rangi, na kwamba uhuru umefika kwa wengine lakini kambini haujafika. Kule Uganda serikali ilikubali kupandisha mishahara, jeshi likaachwa kama lilivyokuwa, na mwaka 1971 jeshi hilo likaiangusha serikali na kumweka Idi Amin. Fedha peke yake haikutosha.

Karibu miaka mitatu baada ya uasi, tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga mpango wa kutumikia JKT, ambao kwa sehemu kubwa ya muda ungewapa asilimia 40 tu ya mshahara wao. Mwalimu alikasirika, akawarudisha nyumbani. Lakini hakuishia hapo. Alipunguza mshahara wake mwenyewe, uliokuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, kwa asilimia 20, na wakubwa wengine serikalini wakapunguziwa pia. Mwaka uliofuata Azimio la Arusha likamkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili. Mtu anaweza kubishana na siasa za wakati ule. Lakini mzazi anayewaambia watoto wafunge mkanda huku mkanda wake umelegea hasikilizwi, na Mwalimu alilijua hilo. Hata kwetu, siku ya msaragambo wa kuchimba mfereji, anayesimamia hutazamiwa naye ashike jembe.

Kipimo kisichoonekana

Wapare tuna historia yetu wenyewe ya kugombania vipimo. Katika miaka ya 1940 wakubwa wa wilaya, wakiwatumia machifu, waliongeza kodi mpya juu ya kodi ya kichwa. Kila mtu alikadiriwa kwa mali yake, na kodi hiyo ikaitwa mbiru. Maelfu walishuka kutoka milimani wakaja hapa Same, wakapiga kambi na kukataa kuondoka. Huko Usangi wanawake nao walitoka kuwatetea waume zao. Mwishoni kodi ile iliondolewa. Mwanahistoria wetu, Profesa Isaria Kimambo, aliandika kitabu juu ya mbiru.

Kwa nini tunaikumbusha hapa? Kwa sababu bibi zetu hawakuwa wakikataa kulipa kodi. Walichokataa ni mtu kukisia mali ya mwenzake kwa macho tu, bila kipimo kinachoonekana. Tofauti inayoelezeka huvumilika. Isiyoelezeka huzaa manung'uniko. Hivyo ndivyo ilivyo serikalini, na ndivyo ilivyo nyumbani kati ya mume na mke, na kati ya mama na mwanawe aliye kambini.

Kadi ya kliniki

Sasa turudi kwenye kazi yetu. Katika siku moja ya kliniki alikuja mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mumewe ni askari wa ngazi ya chini, kambi yake iko mbali, na yeye amebaki milimani na watoto wanne. Mstari kwenye kadi ya mtoto ulikuwa umeshuka miezi miwili mfululizo. Tulipopima mkono wa mtoto kwa utepe, rangi ilikuwa ya njano, yaani hatari inakaribia. Tuliuliza anakula nini. Akajibu kwamba ni uji wa mahindi, na jioni makande wakati maharage yakiwapo.

"Na maharage yakiisha, huwezi kukopa kwa jirani?" tukamwuliza.

Akainamisha kichwa. "Sista, mimi hapa naitwa mke wa mwanajeshi. Nikienda kukopa maharage wanacheka. Wanasema, mwenzetu ana mshahara wa serikali, anataka nini kwetu?"

Mume wake alikuwa anatuma fedha kila mwezi kwa simu bila kukosa. Ila kabla haijafika jikoni, ilikuwa imepitia dawa za baba mkwe, ada ya shemeji aliyeko sekondari, na mchango wa arusi ya binamu. Ukoo mzima ulikuwa ukimhesabu kijana yule kama afisa, kwa sababu anavaa sare. Mtoto ndiye aliyelipa tofauti.

Tulimfundisha mama huyo uji wa lishe kwa vitu alivyo navyo, karanga kidogo, mboga za majani, yai inapowezekana, tukampangia tarehe ya kurudi kila juma. Lakini lililomsaidia zaidi ni barua aliyoandika mumewe kwenda kwa baba yake, ambamo aliandika mshahara wake kwa tarakimu, shilingi kwa shilingi. Mzee alipoisomewa alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema ada ya yule kijana wa sekondari ataitafuta kwa kuuza mbuzi. Baada ya miezi mitatu mstari wa kadi ulikuwa umeinuka.

Bahasha

Katika kikundi chetu cha akina mama kanisani pia jambo hili lilijitokeza. Tulikuwa tukipanga kumsindikiza binti wa mwenzetu anayeolewa. Likaletwa wazo kwamba kila mama atoe kiasi kimoja, sawa kwa wote, ili pasiwe na maneno. Mke wa koplo mmoja akasimama. "Jamani mama zangu," akasema, "usawa huo ni wa nani? Kwa mwenzangu ni fedha ya soda. Kwangu mimi ni unga wa juma zima."

Kukawa na kimya. Mama mmoja akajibu kwamba kila mtu akitoa anavyotaka, wengine watajificha. Mwingine akasema jeshini kila mtu anajua cheo cha mwenzake, kwa nini kanisani tuoneane haya. Ndipo akasimama mwenzetu ambaye mume wake ni meja, ambaye wengi humwita Mama Meja. Akatuambia kwamba mume wake alianza askari wa kawaida, akakaa miaka mingi kabla ya kupelekwa Monduli. Miaka ile, alisema, aliacha kwenda kwenye vikundi vyote kwa ajili ya michango. Hakuna aliyekuja kumwuliza kwa nini.

Tukakubaliana kutumia bahasha. Kila mmoja ataweka alichonacho, bila jina, na mhasibu atasoma jumla tu. Hatuwezi kusema kila mtu aliridhika. Wako wanaoamini hadi leo kwamba bahasha inalea uvivu. Lakini arusi ilifanyika, ndizi na pilau vikatosha, na yule mke wa koplo hajakosa mkutano hata mmoja.

Wapo watakaotukumbusha habari ya Yohana Mbatizaji katika Injili ya Luka, sura ya tatu, alipowaambia askari wasimdhulumu mtu na watosheke na mshahara wao. Neno hilo ni kweli, na mke wa askari amsaidie mumewe kulishika, maana askari asiyetosheka huishia kunyoosha mkono kwa raia. Lakini tusilisome nusu. Katika mahubiri yaleyale, kabla ya kuwafikia askari, Yohana alikuwa amekwisha kuwaambia wenye kanzu mbili wamgawie asiye nayo, na wenye chakula wafanye vivyo hivyo. Neno la kutosheka kwa mwenye kidogo lilitanguliwa na neno la kugawa kwa mwenye vingi.

Tufanye nini?

Kwako mama uliyeolewa na askari wa ngazi ya chini: kaa na mumeo akiwa likizo, andikeni mshahara wote kwenye daftari, halafu tengeni kwanza chakula cha watoto kabla ya mchango wowote wa ukoo. Usione haya kusema hatuna. Aibu hiyo haina faida, na mtoto ndiye huilipia. Kama una kibustani cha mboga, kuku watano au nafasi katika kikundi cha kuweka na kukopa, shikilia hapo.

Kwako mama uliyeolewa na afisa: nyota ni za mumeo, zimo kazini kwake. Usizivae sokoni wala kanisani. Mwulize mumeo, kwa upole, kama anazijua nyumba za askari wake, na kama mtoto wa askari akiugua yeye hupata habari. Hakuna mtu mwingine awezaye kumwuliza hivyo bila kuonekana mkaidi. Wewe unaweza.

Kwetu sote wenye watoto wanaotamani jeshi: tuwaeleze ngazi mbili hizo kabla hawajaondoka. Kijana mwenye uwezo wa kuendelea na masomo tusimharakishe kwa sababu ya tamaa ya mshahara wa mapema. Na aliyekwisha kuingia kwa ngazi ya chini tusimdharau, maana usiku wa hatari ni yeye anayesimama zamu mpakani ili sisi tulale.

Na kwako mama wa milimani, unayengoja simu ilie mwisho wa mwezi: usimpime mwanao kwa mtoto wa jirani. Wamevaa sare moja lakini hawalipwi sawa, na si kosa lake. Akikuletea kidogo, kipokee kwa mikono miwili. Kisha, kabla hujamwambia habari ya bati, mwulize kwanza, "Na wewe mwanangu, umekula?"